Maana ya nyumba ya fremu ya mwaloni

Ni nyumba ambayo uzito wake wote, paa na ghorofa, hubebwa na nguzo na boriti nene za mwaloni, mti mgumu wa Ulaya, zilizoungwa kwa ulimi na tundu (ncha ya mti mmoja iliyochongwa ikaingia tundu la mwingine), kisha zikakazwa kwa vigingi vya mti. Maana yenyewe ni hiyo tu.

Lakini picha za Uingereza zikisambaa, kila nyumba nyeupe yenye mistari myeusi hupewa jina hili. Nyingi ni za matofali, na mbao zimepigiliwa kwa nje kuwa pambo. Jiulize: kuta zikibomolewa, nyumba itabaki imesimama? Ya fremu itabaki, maana kuta zake za asili ni za kuzibia nafasi tu: fito zilizosukwa kati ya nguzo, zikakandikwa udongo wenye nyasi na samadi. Aliyekulia nyumba ya udongo huku Pwani ataitambua kazi hiyo mara moja. Ila kwetu nguzo huchimbiwa ardhini. Kule, kwa kawaida, husimama juu ya boriti iliyolazwa kwenye msingi wa mawe. Hata ule weusi mara nyingi ni rangi iliyopakwa karne ya 19. Mwaloni ukiachwa hugeuka kijivu.

Linaloniudhi zaidi ni nyufa za nguzo kuhesabiwa kuwa kosa la fundi. Mwaloni huchongwa ukiwa mbichi kwa makusudi, kwani ukikauka huwa mgumu mno kwa patasi. Tundu la kigingi kwenye ulimi hutobolewa likipishana kidogo na la kwenye nguzo, ili kigingi kikigongwa kiuvute ulimi ndani. Mti hukauka taratibu, hupasuka na kupinda kidogo, na kiungo huzidi kubana. Msumari wa chuma ungeliwa na tindikali ya mwaloni.

Tena kila ulimi huchongewa tundu lake, haukai katika jingine. Paa la Westminster Hall, ukumbi wa kale wa kifalme huko London, lililoagizwa mwaka 1393 na kusimamiwa na seremala Hugh Herland, lilichongewa karibu na mji wa Farnham, likapelekwa vipande vipande kwa mikokoteni na mashua za mto Thames. Ndiyo maana maseremala hao huchora alama kwenye viungo, mara nyingi namba za Kirumi.

Kwa hiyo nyumba ya mbao za msonobari zilizopasuliwa saizi moja na kupigiliwa misumari, hata ikiwa imara na ya kupendeza, tuiite nyumba ya mbao. Jina hilo linaitosha.