Maneno ya Mwaloni kuhusu FIFA

Taifa Stars, timu yetu ya taifa ya soka, ikifungwa, pale Mwaloni Kirumba, soko la samaki jijini Mwanza, katikati ya mizani na magunia ya dagaa, hakosekani wa kusema: "Waziri awatimue wote TFF!" Hasira naielewa, lakini hii ndiyo dhana inayoweza kutugharimu kuliko zote. Viongozi wa TFF, shirikisho la soka la Tanzania, huchaguliwa na wajumbe wa mkutano mkuu wao, na kanuni za FIFA haziruhusu serikali kuwang'oa. Aliyeiba ashitakiwe kama mwizi mwingine. Kulivunja shirikisho ni habari nyingine kabisa. Ng'ambo ya ziwa wanajua. Novemba 2021 waziri wa michezo wa Kenya alilivunja shirikisho lao na kuweka kamati ya muda. Februari 2022 FIFA ikaifungia Kenya. Harambee Stars, timu yao ya taifa, wakaenguliwa kwenye mchujo wa AFCON 2023 (Kombe la Mataifa ya Afrika), klabu zao zikakosa michuano ya CAF, shirikisho la soka la Afrika, na kifungo kikaondolewa Novemba 2022. Wachezaji hawakuwa na kosa lolote.

Dhana nyingine: eti nafasi za Afrika Kombe la Dunia ni huruma ya Wazungu. Thubutu! Kwa fainali za 1966, Afrika, Asia na Oceania zilitengewa nafasi moja ya kugombania. Waafrika wakagoma, hawakwenda. Mwaka 1970 Afrika ikapata nafasi yake yenyewe, Morocco wakaenda. Zikafika 5 mwaka 1998, na kwa 2026, fainali za timu 48, zimekuwa 9 za moja kwa moja, na ya 10 ya kupigania kwenye mtoano. Kwenye mkutano mkuu wa FIFA kila mwanachama kati ya 211 ana kura moja, Tanzania sawa na Brazil, na Afrika ina kura 54. Pesa nyingi ziko Ulaya, hilo sibishi.

Wapo pia wanaodhani kupanda kwenye viwango vya FIFA kunatupeleka fainali. Viwango husaidia kupanga vyungu vya droo tu, yaani makapu ya timu kabla ya kugawa makundi. Tiketi ya moja kwa moja ni ya anayeongoza kundi, na kundi letu la kuwania 2026 waliliongoza Morocco.

Ubingwa wa CECAFA, michuano ya Afrika Mashariki na Kati, nao hautoi tiketi ya Kombe la Dunia.

Na Zanzibar? Ina timu yake CECAFA, ila si mwanachama wa FIFA. CAF iliipa uanachama kamili Machi 2017, ikaufuta Julai mwaka huohuo.