Mashapo ndooni si ushahidi wa mbolea feki

Msimu huu wa kukuzia tumepokea malalamiko mengi ya mbolea feki, kuanzia Mbozi na Rungwe hadi Kilolo, na mengi yanafanana. Mkulima ametia konzi ya CAN, mbolea ya kukuzia, kwenye ndoo ya maji, amekoroga, chini kumebaki unga mweupe. Anamrudia wakala kwa hasira, wakati mwingine akiwa na majirani.

Unga ule ni chokaa. CAN ni amoniamu nitreti iliyochanganywa na mawe ya chokaa yaliyosagwa, yaani kalsiamu kaboneti. Ayoni, yaani chembe zenye chaji ya umeme, za amoniamu na nitreti zina chaji moja moja, kwa hiyo maji huzitenganisha kwa urahisi. Za kalsiamu na kaboneti zina chaji mbili mbili na zimeshikana hasa: lita nzima ya maji safi huyeyusha miligramu 15 hivi tu. Koroga hadi jioni, unga utabaki.

Nitreti zote huyeyuka, na chumvi za kawaida za amoniamu, sodiamu na potasiamu pia. Kaboneti na fosfeti nyingi haziyeyuki, ila zikiungana na hizo tatu. Ndiyo maana DAP, ambayo ni fosfeti ya amoniamu, huyeyuka, lakini fosfeti ya mawe ya Minjingu, iliyo ya kalsiamu, hutulia chini kama mchanga. Hiyo huyeyushwa polepole na asidi ya udongo, na udongo wetu mwingi huku nyanda za juu unayo.

Tunaomba kipimo cha ndoo kiachwe. Chumvi ya mezani huyeyuka zaidi ya gramu 350 kwa lita moja. Tapeli akikuuzia hiyo, ndoo yako itampa maksi zote.

Kwa wanaomwagilia nyanya kwa matone: kalsiamu nitreti na magnesiamu salfeti zisikae tenki moja. Kila moja huyeyuka ikiwa peke yake, lakini kalsiamu ikikutana na salfeti hutengeneza jasi, nayo huziba mipira.

Ukiwa na shaka ya kweli, usihamishie mbolea kwenye kiroba kingine. Acha lebo na mshono kama vilivyo. Tunza stakabadhi yenye jina la wakala na tarehe. Kisha toa taarifa kwa afisa ugani wa kata au TFRA, mamlaka ya serikali inayosimamia mbolea, ili mkaguzi aje achukue sampuli mwenyewe. Kuuza mbolea isiyosajiliwa ni kosa kwa Sheria ya Mbolea ya mwaka 2009, lakini konzi iliyofungwa kwenye gazeti haithibitishi imetoka mfuko gani.