Kivuli cha sayari au mvuke wa maji?

Sayari za nyota nyingine hutafutwa kwa kupima jinsi mwanga wa nyota unavyopungua sayari ikipita mbele yake. Kwa anayetazama kutoka mbali, Dunia ikipita mbele ya Jua, mwanga wa Jua hupungua kwa sehemu 84 tu katika milioni. Ingepita mbele ya TRAPPIST-1, mwanga ungepungua kwa karibu asilimia 0.6. Nyota hiyo, kibete chekundu (nyota ndogo isiyo na joto kali) kilicho umbali wa miaka-nuru 40 hivi katika kundinyota la Ndoo, ina kipenyo cha asilimia 12 tu ya kile cha Jua. Ndiyo maana darubini ya kioo cha sentimita 60, huko La Silla nchini Chile, ilitosha kuzinasa sayari zake za kwanza, zilizotangazwa mwaka 2016.

Ukiishia hapo utadhani kazi ni nyepesi. Kinachosumbua ni rangi ya nyota.

Katika kazi hii mwanga wa nyota moja haupimwi peke yake. Unaugawanya kwa jumla ya mwanga wa nyota jirani zilizomo kwenye picha ileile, ili wingu jembamba lizififishe zote kwa kiasi kimoja na athari yake ijifute. Hesabu hiyo hukubali pale tu rangi zinapokaribiana. TRAPPIST-1 ina joto la kelvini 2,550 hivi na mwanga wake mwingi ni infraredi, usioonekana kwa macho, ilhali majirani zake wengi ni wa manjano au weupe. Mvuke wa maji hewani hufyonza sana mwanga wa karibu nanomita 940. Unyevu ukipanda, nyota nyekundu hupoteza zaidi kuliko wenzake na uwiano hushuka. Unyevu ukipita kwa nusu saa kisha ukaondoka, tayari una “sayari”, maana mpito, yaani kupita mbele ya nyota, wa sayari b, iliyo karibu zaidi na TRAPPIST-1, huchukua dakika 36.

Ili usidanganywe na mvuke, kwanza chagua nyota za kulinganishia zilizo nyekundu kadiri utakavyopata, hata kama ni hafifu. Mimi naona nyota 3 nyekundu ni bora kuliko 10 nyeupe. Pili, tumia kichujio kinachozuia mwanga wa zaidi ya nanomita 900. Utapoteza fotoni (chembe za mwanga) nyingi, na kwa nyota hafifu hivi inauma. Tatu, angalia umbo la mshuko: sayari b huingia kwa dakika 3 hivi, sakafu hukaa karibu tambarare, kisha hutoka kwa kasi ileile. Mvuke huteremka polepole. Kwa hiyo kila picha isizidi dakika 1, la sivyo kingo zitayeyuka. Nyota isihame zaidi ya pikseli moja au mbili usiku kucha, kwa kuwa pikseli hazilingani kwa usikivu.

Kutoka Afrika Mashariki nyota hii hupita karibu na utosi, jambo jema, ingawa unyevu wa pwani ndio huohuo niliousema.

Kisha kuna mtego wa kalenda. Sayari b huzunguka kwa siku 1.51. Ukiwa mahali pamoja, mpito mmoja ukitokea usiku, unaofuata huangukia mchana, na wa tatu huja baada ya siku 3 na dakika 31. Ni rahisi kuandika kuwa mzunguko ni siku 3.02, mara mbili ya ukweli. Ile sayari ya tatu iliyotangazwa 2016 ilisimama juu ya mipito 2 tu. Darubini ya angani Spitzer ilipoitazama nyota kwa takriban siku 20 karibu bila kupumzika, mipito hiyo ikaonekana kuwa ya sayari tofauti, na jumla ikafika 7.