Gemu ya zamani kwenye laptopu mpya: kimeo si kompyuta

Kijana wa jirani alinijia na laptopu ambayo bado ilikuwa na nailoni kwenye kifuniko, pamoja na flashi yenye GTA San Andreas. Akabofya. Skrini ikawa nyeusi kama sekunde mbili, kisha ikarudi kwenye desktopu kana kwamba hakuna aliyegusa kitu. Hakuna ujumbe wa kosa, hakuna mlio. "Kaka, wameniuzia kimeo," akasema. "Kompyuta ya mjomba, ile Pentium, ilikuwa inaicheza hii bila wasiwasi."

Laptopu haikuwa na kasoro. Alichofanya ni kuhamisha kila kitu kutoka kwa mjomba, pamoja na folda ya "GTA San Andreas User Files" inayokaa ndani ya Documents, kwa sababu sevu zake zimo humo. Humo humo kuna kifaili kinaitwa gta_sa.set ambacho kinatunza mipangilio, ikiwemo ya skrini. Gemu iliwaka, ikasoma mipangilio ya kompyuta ya mjomba, ikaomba kitu ambacho laptopu hii haina, ikazimika. Nikakifuta hicho kimoja, nikaacha GTASAsf1.b na wenzake, maana hizo ndizo sevu. Gemu ikawaka na kujitengenezea kingine. Yeye alikuwa ameshaongea na mtu wa kumpigia Windows upya.

Maneno kama ya huyu kijana nayasikia kila siku, na mengi hayana ukweli.

"Kompyuta mpya ina nguvu mara mia, lazima iicheze"

Nguvu haihusiki hapa. Gemu ya miaka ya 90 inaomba huduma ambayo siku hizi hakuna anayeitoa. Chukua Age of Empires II, ya 1999. Ilichorwa kwa rangi 256. Nukta ya skrini haikubeba rangi yenyewe, ilibeba namba tu kati ya 0 na 255, na pembeni kulikuwa na jedwali linaloeleza kila namba ni rangi gani. Mtu akilichezea jedwali, picha nzima inabadilika ingawa hakuna nukta iliyosogezwa. Ndicho kilichotokea kwenye Windows Vista na Windows 7: Explorer, programu ile inayochora desktopu na upau wa chini, ilikuwa inaingiza rangi zake kwenye jedwali lile lile huku mchezo unaendelea. Majani yakawa mekundu, maji yakawa zambarau, na watu wakaapa kwamba kadi ya michoro imeungua.

Dawa ya wakati ule ilikuwa kuizima Explorer kupitia Task Manager, ucheze, ukimaliza uiwashe tena. Kulikuwa na nyingine ya ajabu zaidi: kuacha dirisha la kubadilishia rezolusheni likiwa wazi nyuma ya gemu. Na ilikuwa inafanya kazi! Siku niliyoijaribu nilijiona mganga kuliko fundi. Kuanzia Windows 8 mfumo hauiweki tena skrini kwenye rangi 256, unaigiza tu, na balaa lile limepungua.

"Weka compatibility ya XP, inakuwa XP"

Haiwi XP. Ukiichagua kwenye ukurasa wa Compatibility (bofya kulia kwenye gemu, kisha Properties), Windows inaidanganya gemu kwamba yenyewe ni XP na kubadilisha majibu machache inayoipa. Gemu iliyokuwa inakataa kwa sababu tu haijawahi kusikia Windows 10 itakubali. Iliyokuwa inatafuta draiva (programu inayoendesha kifaa) ya mwaka 2001 haitaipata, hata uweke Windows 95.

Kilicho muhimu zaidi kwenye ukurasa ule ni kitufe cha chini ambacho wengi hawakiangalii, cha "Change high DPI settings". Laptopu nyingi za sasa zina skrini ndogo yenye nukta nyingi, mfano 1920 kwa 1080, hivyo Windows inakuza maandishi kwa asilimia 125 au 150 yasomeke. Gemu ya zamani haijui habari hiyo. Matokeo yake unaona robo tatu tu ya picha, menyu ya chini imekatwa, au mshale wa mausi uko hapa na kitufe kinachobonyezwa kiko pale. Ingia humo, weka tiki kwenye "Override", chagua "Application", jaribu tena. Nimemaliza kesi nyingi kwa tiki hiyo kuliko kwa kitu kingine chochote.

"Nina DirectX 12, kwa hiyo 9 imo ndani"

Nusu kweli. DirectX ni sehemu ya Windows ambayo gemu hupitia kuchora picha na kutoa sauti. Injini ya DirectX 9 imo. Visaidizi vyake havimo: mafaili kama d3dx9_24.dll mpaka d3dx9_43.dll, ambayo watengenezaji wa gemu za kati ya 2005 na 2010 walikuwa wanayategemea. Gemu moja inadai la 27, nyingine la 31, na lisipokuwepo haiwaki. Microsoft waliyakusanya yote kwenye kifurushi cha Juni 2010. Ukikiweka hakishushi DirectX 12 yako, vinakaa pamoja bila ugomvi. Ila tafadhali usiende kuokota dll moja moja kwenye tovuti zinazogawa dll. Hujui ndani umewekewa nini, na leo ukiweka la 27, kesho utadaiwa la 31.

"Gemu inasema memori ya video haitoshi, na kadi yangu ina GB 8. Kadi feki hii"

Kadi ni nzima, ni hesabu iliyopinda. Baadhi ya gemu za zamani zilihifadhi ukubwa wa memori kwenye namba ya biti 32 yenye alama ya kujumlisha na kutoa. Namba ya aina hiyo inaishia 2,147,483,647, yaani GB 2 kasoro baiti moja. Ukipita hapo inageuka kuwa hasi. Kwa hiyo gemu inaitazama kadi yako ya bei mbaya na kuona ina memori chini ya sifuri. Mwaka 2000, kadi zikiwa na MB 32, nani angewaza?

Tatizo hili lina ndugu yake kwenye gemu za OpenGL, lugha nyingine ya kuongea na kadi. Baadhi huuliza kadi inajua ujanja gani, na kutenga nafasi finyu ya kuandikia jibu. Kadi ya leo inajibu kwa orodha ndefu mno, jibu linamwagika nje ya nafasi, gemu inakufa hata kabla ya nembo ya kwanza kuonekana.

"Hiyo ddraw.dll ni virusi, antivirusi imeikamata"

Hapa nakaa kidogo, kwa sababu ndiyo dawa yenyewe. Gemu za zamani ziliongea na skrini kupitia DirectDraw, Direct3D za mwanzo, au Glide, lugha ya kadi za Voodoo za kampuni ya 3dfx ambayo ilishakufa. Kadi za leo lugha hizo hazizijui, au zinazijua kwa kubahatisha. Ndiyo maana ukungu unapotea kwenye gemu za magari, au menyu inawakawaka. Programu iitwayo dgVoodoo inakaa katikati kama mkalimani: inasikiliza lugha ya zamani, inaipeleka kwa kadi kwa Direct3D 11 au 12. Unanakili mafaili yake, kama DDraw.dll na D3D8.dll, na kuyaweka kwenye folda ileile ya gemu. Windows kwa kawaida inaangalia folda ya programu kwanza kabla ya kwenda kwenye zake, basi inamkuta mkalimani mlangoni.

Antivirusi inaona faili lenye jina la mfumo likiwa mahali pasipo pa mfumo, inashtuka. Kushtuka kwake kuna mantiki, lakini si ushahidi. La msingi ni kulichukua kwa aliyelitengeneza, si kwenye flashi ya mtu.

Makosa mawili yanawarudisha watu kwangu. La kwanza, wanachukua mafaili ya x64 kwa sababu Windows yao ni ya biti 64. Kinachoangaliwa ni gemu, na gemu hizi ni za biti 32, kwa hiyo chukua x86. La pili, wanaona nembo ya dgVoodoo kwenye kona ya skrini wanadhani wamewekewa tangazo. Fungua dgVoodooCpl.exe, ondoa tiki ya "Watermark", imekwisha. Humo humo unaweza kuiambia gemu kadi ina MB 128, na ile hesabu ya hasi ikaisha.

"Piga Windows upya"

Hapana. Na kama gemu ni ya CD halisi yenye SafeDisc, ulinzi dhidi ya kunakili, hata upige mara kumi: Windows 10, iliyotoka 2015, haikuja na draiva yake ya secdrv.sys, na mwezi Septemba mwaka huohuo Microsoft waliizima kwenye Windows za nyuma pia kwa sababu za usalama. Skrini inayowaka na kuzimika hapo si shida ya skrini kabisa. Gemu za DOS, mfumo wa kabla ya Windows, nazo zina njia yao, programu ya DOSBox, kwani Windows ya biti 64 haiwashi programu za biti 16.

"Toa hiyo limita, FPS nyingi ndiyo raha"

FPS ni idadi ya fremu, yaani picha, zinazochorwa kila sekunde. San Andreas ina kidhibiti cha fremu ambacho kinaishikilia kwenye 25 hivi kwa sekunde. Ukikizima kwenye mashine ya leo, picha inateleza kama mafuta, lakini sehemu ya hesabu za mchezo zimefungwa kwenye fremu. Tumbukia baharini uone: CJ, mhusika unayemwendesha, anapiga mbizi na mikono inakwenda, mwili hauendi.

"Imejaa skrini nzima, basi iko sawa"

Gemu hizi zilitengenezwa kwa skrini za uwiano wa 4 kwa 3, kama 640 kwa 480. Skrini ya laptopu ni 16 kwa 9. Ukiivuta ijae, kila kitu kinapanuka theluthi nzima: gurudumu linakuwa yai, na mwezi pia. Cha kuchekesha, gemu za DOS zina kisa cha kinyume. Doom ya 1993 inachora nukta 320 kwa 200, lakini skrini za wakati ule ziliivuta kwenda juu mpaka ikawa 4 kwa 3, na wachoraji walichora wakijua hivyo. Ukiionyesha bila kuivuta unapata watu waliobonyea kama wamekaliwa. Ndiyo kazi ya mstari wa aspect=true kwenye mipangilio ya DOSBox.

Kwa San Andreas kuna njia mbili. Ama uweke kiraka cha skrini pana cha mtengenezaji anayejiita ThirteenAG, kinachoifundisha gemu kuchora kwa upana wote, ama uiambie kadi itunze uwiano, ukubali mistari miwili myeusi pembeni. Yule kijana hakuwa na bando la kupakua kitu siku ile, nikamwekea mistari. Akaitazama. "Kaka, kioo nimelipia kizima, sasa hizi pembeni ni za nani?"

Nikamrudishia ilivyokuwa. Mpaka leo CJ wake ni mnene, na hajala hata pizza moja.