Begi la Mtoto Anayekwenda Kutazama Viumbe

Kila likizo ya shule hutufikia malalamiko ya wazazi ambao watoto wao wamezuiliwa manyoya, makombe na hata mayai ya ndege wakati wa kutoka hifadhini. Tunamwelewa mtoto anayelia getini, lakini kosa huanzia nyumbani, pale begi linapoandaliwa kama kapu la mavuno. Humo viwemo vifaa vya kutazamia tu.

Kioo cha kukuzia cha plastiki, kinachokuza mara 3 hadi 5, kinamtosha mtoto mdogo. Kisiachwe juani, maana hukusanya miale na kuweza kuwasha majani makavu. Ongeza daftari, penseli na kopo angavu lenye matundu. Mdudu atazamwe kivulini dakika chache, kisha arudishwe palepale alipotolewa.

Kuhusu tochi tunasisitiza: zile za betri bapa ndogo mfano wa kifungo ziepukwe, isipokuwa kifuniko kimefungwa kwa skrubu. Betri hiyo ikimezwa inaweza kuunguza koo vibaya ndani ya saa 2. Ukishuku imemezwa, mpeleke mtoto hospitali mara moja bila kungoja dalili. Karanga nzima nazo asipewe aliye chini ya miaka 5, kwani humpalia.

Begi lisizidi takriban asilimia 10 ya uzito wa mtoto. Mwenye kilo 18 abebe kilo 1.8, na lita moja ya maji pekee ni kilo 1. Darubini kubwa na vitabu vinene, tafadhali, abebe mzazi.

Sasa ukaguzi. Kanuni hutofautiana kati ya hifadhi na hifadhi, lakini nyingi hukataza kutoa mmea, jiwe, yai, unyoya au kombe. Hoja ya "tumeokota tu" tumeisikia mno na haimsaidii mtu. Mkaguzi hana namna ya kutofautisha unyoya uliodondoka na ulionyofolewa, na kombe tupu ni nyumba ya kaa fulani wasio na gamba gumu tumboni. Kitu kikikutwa kinaweza kuzuiliwa, na pale sheria inapotaja faini, anayewajibika kwa kawaida ni mtu mzima aliyeongozana na mtoto. Walimu wanaohitaji sampuli waombe kibali kwa maandishi, wakitaja aina, idadi na tarehe. Maombi hayo huwasilishwa kabla ya safari, si getini watoto wakiwa wamepanga foleni.