Je, wajua kwa nini Fulk wa Anjou alimfunga kaka yake miaka karibu 28 na akaachwa tu?

Anjou ilikuwa jimbo la magharibi mwa Ufaransa, makao yake Angers, na karne ya 11 mtawala wake alikuwa chini ya mfalme kwa jina tu, maana ngome zake, askari wake, vita vyake vyote anajiamulia mwenyewe. Mwaka 1060 mtawala wa wakati huo, Geoffrey Martel, akafariki bila mtoto, urithi ukaangukia kwa wapwa zake wawili, watoto wa dada yake. Mkubwa, Geoffrey wa Ndevu, akachukua Anjou na Touraine, yani mnofu wote. Mdogo, Fulk, akapewa Saintonge kule pembeni, na hata hiyo mwaka 1062 mtawala wa Aquitaine, jimbo jirani la kusini, akaichukua. Sasa hapo unategemea nini?

Wengi wanadhani Fulk alishinda kwa upanga. Mi naona alishinda kwa kuwasoma watu waliokuwa wamemchoka kaka yake. Geoffrey alikuwa na kipaji cha kugombana na kanisa, alivutana na watawa wa Marmoutier pale Tours mpaka mwakilishi wa papa akamtenga na kanisa, na kwa zama zile ukishatengwa hivyo wakubwa wako wanapata sababu safi kabisa ya kukugeuka. Februari 1067 ngome ya Saumur ikakabidhiwa kwa Fulk kwa usaliti, Aprili ikafuata Angers yenyewe, ila wananchi wa Angers walikasirika wakawaua baadhi ya hao mabwana waliomuuza mtawala wao. Papa akashinikiza Geoffrey aachiwe, akaachiwa. Mwaka uliofuata akamshambulia mdogo wake tena huko Brissac, akashindwa, safari hii akapelekwa ngome ya Chinon na mlango ukafungwa.

Kwa nini mfalme hakuingilia? Kwa sababu alishalipwa bwana. Fulk alimpa Mfalme Philip I eneo la Gâtinais, ardhi ya baba yao mzazi, na Philip akamtambua kama mtawala halali. Kumuua ndugu kungemletea Fulk kelele kubwa zaidi, kumwachia kungerudisha vita, kwa hiyo akakaa naye tu huko ndani mwaka baada ya mwaka, na kanisa nalo likamtenga Fulk kwa ajili hiyo hiyo. Mwaka 1094 mwakilishi wa papa, Hugh wa Lyon, akaenda kumwona mfungwa, akakuta akili zimeshamruka, hawezi kutawala tena, basi Fulk akasamehewa. Kinyama ila ndo ilivyokuwa. Geoffrey alitolewa 1096, Papa Urban II alipopita huko akihubiri vita vya msalaba, na hakuishi sana baada ya hapo.

Mwaka huo huo Fulk akafanya kitu ambacho watawala wa enzi zile ni nadra sana kufanya, akatunga historia ya ukoo wake kwa Kilatini, kipande chake bado kipo. Anasema hawezi kueleza vizuri matendo ya watawala wanne wa kwanza kwa kuwa ni wa zamani mno, hata makaburi yao hayajulikani yalipo. Mtu aliyemsahau kaka yake ngomeni anasikitikia makaburi ya mababu!

Halafu kuna ishu ya mke. Fulk alioa mara kadhaa, mwaka 1089 akamwoa Bertrade wa Montfort, binti mdogo sana kwake, na 1092 Bertrade akamkimbia akaenda kuishi na nani? Na Philip I yule yule aliyepewa Gâtinais. Philip alitengwa na kanisa kwa hilo, Fulk akalalamika weee, ila mwaka 1106 mfalme na Bertrade walifika Angers na Fulk akawapokea kwa heshima zote. Mi hapo huwa nabaki kucheka.

Ila ukiangalia hesabu zake haikuwa ujinga. Mwaka huo huo mtoto wake mkubwa aliuawa kwa mshale huko Candé, mrithi aliyebaki ni Fulk mdogo, mtoto wa Bertrade huyo huyo. Mzee alipofariki 1109 kijana akachukua Anjou, 1131 akawa mfalme wa Jerusalem, na mjukuu wake Henry II akapanda kiti cha Uingereza mwaka 1154.