Supu ya kaiseki siyo maji ya moto jamani

Nimekutana nayo tena, mtu anaandika kwamba kaiseki, mlo wa Kijapani wa vyakula vingi vinavyoletwa kimoja kimoja, ni kulipia mapambo, visahani vidogo vidogo na bakuli la maji, halafu unatoka na njaa. Mimi napika Kyoto na hii kauli imenichosha kabisa.

Njaa kwanza, hiyo ni fupi. Wali unakuja mwishoni na supu ya miso (soya iliyochachushwa) na achari, na mpaka ufike hapo ukiwa umekula taratibu utakuwa umeshiba, ukitaka nyongeza omba, siyo aibu.

Sasa hayo "maji". Huku mpishi anapimwa kwa wanmono, yaani hiyo supu inayokuja kwenye bakuli lenye kifuniko, siyo kwa sashimi (samaki mbichi) wala hiyo wagyu (nyama ya ng'ombe wa Kijapani) mnayopiga picha. Dashi yake, yaani mchuzi wa msingi, ni kombu na katsuobushi (samaki mkavu aliyeparuzwa vipande vyembamba) basi. Kombu ni mwani mkavu wa Hokkaido, kaskazini mwa Japani, Kyoto wengi wanapenda wa kisiwa cha Rishiri huko huko, unapashwa polepole kwenye maji, wengi wanashika nyuzi 60 hivi kama saa nzima, usichemke maana ukichemka unatoa ute na harufu ya ufukweni, unautoa, unapandisha moto, unatia katsuobushi, unachuja fasta na kitambaa hukikamui, ukikikamua umeharibu kazi yote. Mwaka 1908 mwanakemia Kikunae Ikeda alionyesha kwamba ladha ya kombu inatokana na glutamati, 1913 Shintaro Kodama akaikuta inosinati kwenye katsuobushi, na hivi viwili, vyote vya kuleta utamu wa mchuzi, vikikutana vinakuzana kupita kila kimoja peke yake. Halafu kuna hili ambalo watu hawalijui na ndilo linaniuma: chumvi inapimwa ili supu iwe sawa ukifika mwisho wa bakuli. Funda la kwanza LAZIMA liwe jepesi. Wewe umeonja funda moja ukaweka chini ukasema maji, hujaila.

Kifuniko kikigoma minya bakuli pembeni kidogo, hewa iingie. Nusa kabla ya kunywa. Na ndugu zangu wa pwani nawaomba sana, siku hiyo msijifukize udi wala kujipaka marashi mazito, kile kiganda cha yuzu (tunda jamii ya limau) juu ya supu hakiwezi kushindana na udi, na unamharibia mpaka jirani.

Msimu nao siyo urembo. Julai, wakati wa Gion Matsuri, tamasha kubwa la Kyoto, utaletewa hamo, samaki mrefu mwenye vimiba vingi mno, mpishi anamkata nyama pamoja na vimiba bila kukata ngozi, tunafundishwa mikato 24 kwa sentimita 3, ndiyo maana unammeza salama. Ila vitabu havipendi kusema hili: hashiri, yaani kitu kinapotokea mara ya kwanza msimu huo, mara nyingi ladha haijakolea, unalipia kuwahi. Mimi ningengoja shun, kikiwa kimeiva sawasawa. Na joto la siku hizi menyu inasema vuli, msimu wa baridi kuanza na majani kuwa mekundu, huku nje watu wanatiririka jasho, hapo hata mimi nasita ninapopanga majani mekundu kwenye sahani.

Waislamu: sake (pombe ya mchele) na mirin (pombe tamu ya kupikia) zimo karibu kila mahali, na akikuambia zote zinaisha motoni siyo kweli, kiasi kinabaki. Hata shojin ryori ya hekaluni, isiyo na nyama wala samaki, usidhani imekingika na pombe. Sema siku unayobuku meza, siku kadhaa kabla, maana ukishakaa vitu vingi vimekolezwa tangu mchana na hatuna tena cha kubadilisha.